Mafuta ya Turkana hayamo ziwani

Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, nikawachorea wanafunzi picha moja ambayo leo naionea haya. Nilichora matabaka ya ardhi, moja juu ya jingine mithili ya chapati zilizopangwa sahanini, na katikati yake nikaacha pengo kubwa lenye umbo la yai, nikalipaka weusi na kuliandika "mafuta". Juu nikachora mtambo wa kuchimbia, na kutoka mtamboni nikateremsha mrija hadi ndani ya lile pengo, kama mtoto atiavyo mrija katika chupa ya soda. Wanafunzi wakanakili. Mtihani ukaja, wakachora vivyo hivyo, nami nikawapa alama zote. Hakuna aliyeniuliza ni kitu gani kinacholizuia ziwa hilo lisiporomokewe na uzito wa ardhi yote iliyo juu yake. Wala mimi mwenyewe sikujiuliza.

Picha ile ni ya uongo, na naamini sikuwa mwalimu wa pekee aliyeichora. Chini ya ardhi ya Lokichar hakuna ziwa la mafuta, wala mto, wala pango. Kuna mwamba. Mafuta yamo ndani ya mwamba huo, katika vitundu vilivyobaki baina ya punje za mchanga ulioletwa na mito na maziwa ya kale mamilioni ya miaka iliyopita, kisha ukafukiwa, ukashindiliwa na kugandamana hadi ukawa jiwe. Aghalabu vitundu hivyo ni vyembamba kuliko unywele wa kichwa. Mtu akilishika jiwe la namna hiyo mkononi ataapa kwamba ni gumbu lisilo na nafasi hata ya kupitisha pumzi.

Huenda msomaji akaniuliza: je, kosa la mchoro wa ubaoni lina madhara gani? Lina madhara, tena makubwa, na hapana budi niyaeleze kabla ya kuingia katika habari ya mitambo ya eksirei iliyonifanya niishike kalamu leo.

Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki aliutangazia umma kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, Turkana. Nchi nzima ilishangilia. Mnamo Juni 2018 malori yalianza kuyasafirisha mafuta ghafi hadi Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikapakiwa melini. Kisha mwaka 2021 kampuni ya Tullow, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiongoza shughuli hiyo wakati huo, ilitoa makadirio mapya: ndani ya miamba ya Lokichar Kusini mna takriban mapipa bilioni 2.85, na yanayotarajiwa kutolewa ni mapipa milioni 585. Piga hesabu, mwanafunzi. Ni kama pipa moja katika kila matano.

Basi mtu aliyefundishwa habari ya ziwa akisoma tarakimu hizo atasema nini? Atauliza hayo mapipa mengine bilioni mbili na zaidi anaachiwa nani. Nimelisikia swali hilo ndani ya matatu, nimelisikia katika chumba cha walimu, na kila mara lilifuatwa na jibu lile lile: kuna watu watakaoyanyonya usiku. Sitaki kusema kwamba mali ya umma haiibwi katika nchi hii, ningekuwa nachekesha. Lakini katika jambo hili mshukiwa wa kwanza ni mwamba wenyewe, naye hana wakili wa kumtetea kwa sababu sisi walimu hatukumfundisha mtu yeyote jinsi anavyofanya kazi.

Kuna swali jingine zito zaidi. Katika mipango ya kuyatoa mafuta ya Lokichar mlikuwemo pendekezo la kuvuta maji kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel na kuyasukuma chini ya ardhi, ndani ya mwamba wenye mafuta. Mwananchi wa Turkana, ambaye mama yake huchimba mchanga wa lagha kwa mikono ili apate debe moja la maji, ana haki ya kuuliza kwa nini maji yatiwe chini ya ardhi ilhali juu ya ardhi kuna kiu. Hawezi kujibiwa kwa haki, wala hawezi kulipima jibu atakalopewa, ikiwa kichwani mwake mna ziwa na mrija.

Hebu basi tuanze upya, na tuanze na vitu vilivyo karibu nasi. Mtungi wa maji ni mwalimu mzuri. Bibi zetu walijua kwamba mtungi mpya wa udongo hutoa jasho kwa nje, na kwamba jasho hilo ndilo lipoozalo maji yaliyomo ndani. Jasho latoka wapi, na mtungi hauna ufa? Latoka katika vitundu visivyoonekana vya udongo uliochomwa. Jiwe la matumbawe lililojengea nyumba za kale za Lamu na Mombasa lina vitundu ambavyo mtoto aweza kuvitia ncha ya kidole. Lile jiwe jepesi tunalosugulia nyayo, ambalo ni povu la volkano lililoganda, lina vitundu vingi kiasi kwamba huelea majini.

Hapa pana mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa, na kwa kuwa vitabu vyetu havijakubaliana juu ya maneno, nitatumia yangu. La kwanza nitaliita uvungu: ni sehemu gani ya jiwe iliyo tupu. Ikiwa uvungu wa mwamba ni asilimia 20, basi katika kila mita moja ya ujazo ya mwamba huo mna nafasi ya lita 200, yaani zaidi kidogo ya pipa moja la mafuta, ambalo ni lita 159. Nafasi hiyo yote haijazwi na mafuta, kwani daima maji ya kale hubaki yamezing'ang'ania punje. La pili ni upenyekaji: ni kwa wepesi gani kimiminika huweza kupita ndani ya jiwe hilo. Mambo haya mawili hayaendi pamoja kama watu wanavyodhani. Chukua kopo ulijaze gololi, na kopo jingine la ukubwa ule ule ulijaze mchanga uliochekechwa ukawa wa punje sawa. Pima maji yanayohitajika kujaza nafasi zilizobaki. Utastaajabu kuona kwamba vipimo viwili vinakaribiana, kwani ukubwa wa punje haubadilishi sana sehemu iliyo tupu. Kisha toboa makopo yote mawili chini utazame. Katika gololi maji yatamwagika kwa kishindo. Katika mchanga yatadondoka. Punje zikiwa ndogo mara kumi, uvungu hubaki pale pale, lakini upenyekaji hupungua kama mara mia. Mfaransa Henry Darcy ndiye aliyeitia hesabu habari hii mwaka 1856 mjini Dijon, akichunguza jinsi maji yanavyopita katika mchanga, na hadi leo wachimbaji wa mafuta hupima upenyekaji kwa kipimo chenye jina lake.

Ila Darcy alipima tu maji yaliyoingia na maji yaliyotoka. Kilichotendeka humo ndani hakukiona. Baada yake wanajiolojia walikata vipande vya mawe vyembamba sana, vya unene wa takriban sehemu tatu za mia za milimita, wakavitazama kwa hadubini. Waliona punje, wakaona na vitundu, lakini waliviona kama mtu aonavyo kipande kimoja cha mkate. Kipande cha mkate chaonyesha mashimo. Hakionyeshi shimo lipi linaelekea lipi. Na swali lenyewe ni hilo hilo la njia. Kitundu kisichokuwa na mlango ni chumba kilichofungwa: mafuta yaliyomo yamo, wala hayatatoka.

Sasa tuje kwenye eksirei, au uyoka kama wanavyouita baadhi ya wataalamu wetu wa lugha. Wilhelm Röntgen aliigundua mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kupiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe. Kila mwanafunzi aliyewahi kuvunjika mfupa anaijua picha ya namna hiyo. Kasoro yake ni kwamba ni kivuli: kila kilicho mbele na kila kilicho nyuma vyote huangukia karatasi moja. Ili kulijua umbo la ndani lazima vivuli vingi vichukuliwe kutoka pande zote, kisha ifanywe hesabu ya kurudi kinyume, kutoka kwenye vivuli hadi kwenye kitu chenyewe.

Nashangaa kwamba shuleni hatuwaambii watoto wetu ni wapi sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilipoanzia. Ilianzia Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 alifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, kwa kuwa sheria ilitaka pawe na mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya isotopu zenye mionzi. Alipowaona madaktari wakipanga mionzi ya wagonjwa wa saratani bila ya kujua kwa usahihi kila sehemu ya mwili huimeza kwa kiasi gani, akaanza kuwaza. Jaribio lake la kwanza lilikuwa na kipande cha aluminiamu kilichozungushiwa ubao, vitu ambavyo fundi wa mtaa wowote angeweza kumchongea. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na karibu ulimwengu wote ukanyamaza. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi lililomfurahisha zaidi la nakala ya makala yake lilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ambaye hakuijua kazi ya Cormack, aliunda mtambo wake mwenyewe. Majaribio yake ya awali yalichukua siku 9 kukusanya vipimo vya kitu kimoja. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo katika hospitali moja ya Wimbledon, na mwaka 1979 Hounsfield na Cormack wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mtambo wa hospitalini huuzunguka mwili wa mgonjwa. Mtambo wa mawe hugeuza mambo: chanzo cha mionzi husimama, na jiwe ndilo linalozungushwa polepole juu ya kigoda, likipigwa picha mamia kwa maelfu kutoka kila pembe. Jiwe halilalamiki likizungushwa, halipumui, wala halidhuriwi na mionzi mingi. Kwa hiyo laweza kutazamwa kwa undani ambao mwanadamu hawezi kutazamwa. Mwaka 1982 J. C. Elliott na S. D. Dover, wakiwa London, walichapisha picha ya kwanza ya aina hii yenye kuonyesha mambo madogo yanayopimwa kwa mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita. Na walipiga picha ya nini? Ya konokono mdogo wa jamii ya Biomphalaria, ndugu yao wale konokono wa mito na mabwawa yetu wanaobeba vijidudu vya kichocho. Miaka 5 baadaye Brian Flannery na wenzake wa kampuni ya mafuta ya Exxon waliipeleka mbinu hiyo kwenye sinkrotroni, ule mtambo mkubwa wa duara unaozungusha elektroni kwa kasi ya ajabu na kutoa eksirei kali mno. Si bahati kwamba ilikuwa kampuni ya mafuta. Wenye mafuta walikwisha kutambua kwamba utajiri wao umefungwa katika vijinafasi wasivyoviona.

Picha inayopatikana haiko bapa kama ya gazeti. Imeundwa kwa vijisanduku vidogo viitwavyo vokseli, kila kimoja kikiwa na kiwango chake cha weusi au weupe: penye madini mazito pana weupe, penye utupu pana weusi. Picha ya kawaida yenye vokseli 1,000 kwa kila upande ina vokseli bilioni moja. Kama kila moja ina upana wa mikromita 5, jiwe lote lililopigwa picha lina upana wa milimita 5, yaani ukubwa usiozidi punje ya hindi. Ndani ya punje hiyo ya hindi kompyuta yaweza kumtembeza mtazamaji kama mgeni katika vichochoro vya Mji wa Kale: hapa ukumbi, pale mlango mwembamba, kule njia isiyotokea popote.

Na yaliyoonekana humo yamebadilisha mengi. Jiwe linalopendwa sana na watafiti ni mchanga wa Berea kutoka Ohio, Marekani, wenye uvungu wa takriban asilimia 20. Wamelijaza maji, wakaingiza mafuta, kisha wakaingiza maji tena ili kuyafukuza mafuta, wakipiga picha kila hatua. Kwa kuwa maji na mafuta hukaribia kufanana mbele ya eksirei, hutia maji chumvi yenye iodini ili yang'ae. Wakaona kwamba maji hayayasukumi mafuta kama ufagio usukumavyo takataka. Katika jiwe linalopenda maji, maji hutambaa pembeni mwa punje, yakafura mahali ambapo njia ni nyembamba, na hapo yakaukata uzi wa mafuta kama mtu akatavyo uzi wa cherehani kwa meno. Bonge la mafuta hubaki katikati ya kitundu, limezingirwa na maji kila upande, halina pa kwenda. Yazidishe mabonge hayo kwa mabilioni na utaelewa kwa nini duniani kote, kwa wastani, karibu thuluthi mbili za mafuta yaliyogunduliwa hubaki ardhini.

Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakitumia sinkrotroni ya Uswisi walipiga picha za Berea kwa kasi kiasi cha kuonyesha tabia ambayo Mwingereza William Haines alikuwa ameieleza mwaka 1930: kimiminika kinaposukumwa kuingia katika vitundu vilivyojaa kimiminika kingine hakiendi kwa mwendo mmoja, bali hungoja mlangoni, shinikizo likapanda, kisha kikaruka ghafla na kujaza kitundu kimoja au kadhaa kwa mkupuo. Mwaka 2017 watafiti wa California walilitazama lile jiwe letu la kusugulia nyayo kwa mbinu hiyo hiyo, wakaonyesha kwamba huelea kwa muda mrefu kwa sababu maji yaliyoingia huifungia hewa ndani ya vitundu, kwa namna ile ile maji yanavyoyafungia mafuta. Nilipoyasoma hayo nililitazama jiwe lililoko bafuni kwangu kwa heshima mpya.

Sasa yafaa nitie neno la tahadhari, maana wapo wanaodhani kwamba kinachotoka kwenye kompyuta kimeteremshwa kutoka mbinguni. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ile picha ya bilioni moja haisemi yenyewe "hapa ni punje, hapa ni kitundu". Inasema tu: hapa ni kijivu kiasi hiki. Mtu ndiye anayechora mpaka na kuamua kwamba kijivu kilichozidi hapa ni jiwe na kilichopungua ni utupu. Akiusogeza mpaka huo kidogo, uvungu hupanda au hushuka, na upenyekaji nao hubadilika, pengine zaidi. Katika mawe ya chokaa au yenye udongo wa mfinyanzi, vipo vitundu vidogo kuliko vokseli yenyewe, navyo huonekana kama ukungu wa kijivu usiojulikana ni jiwe au ni nafasi. Isitoshe, punje ya hindi si kisima. Kutoka milimita 5 kwenda kwenye uwanja wa mafuta wenye upana wa kilomita kadhaa ni safari ndefu, na kila hatua inahitaji uamuzi wa mwanadamu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Katika makadirio ya mapipa bilioni 2.85, kila asilimia moja ni mapipa milioni 28.5. Sidai kwamba vitundu peke yake ndivyo vinavyoamua asilimia hiyo. Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi na huganda yakipoa, matabaka yenyewe yamekatwakatwa na nyufa za Bonde la Ufa, na bei ya soko nayo ina sauti yake. Lakini katika mlolongo wa hesabu inayotoka kwenye jiwe hadi kwenye mkataba, kuna watu wanaochora mipaka ya kijivu. Nchi isiyokuwa na watu wake wanaoweza kuketi mezani na kuuliza "mpaka huu mmeuchora hapa kwa sababu gani?" itapokea tarakimu kama mgonjwa apokeavyo dawa asiyoijua jina. Na ile habari ya maji ya Turkwel ni hivyo hivyo. Ni maji kiasi gani yatakayosukuma pipa moja? Yatayasukuma, au yatayafungia? Maswali hayo yana majibu yanayoweza kutafutwa, na Mturkana anastahili kuyasikia kutoka kwa mtu anayeweza kuyaeleza kwa lugha anayoielewa.

Tuliwahi kuonja uchungu wa kutojua. Septemba 2013 Serikali pamoja na UNESCO zilitangaza hazina kubwa ya maji chini ya bonde la Lotikipi, huko huko Turkana, ikikadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 200. Watu wengi walilipokea tangazo hilo kama habari ya ziwa lililojificha, tayari kutekwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba maji yaliyopimwa Lotikipi yalikuwa na chumvi nyingi mno yasiweze kunyweka bila ya kusafishwa. Anayefahamu kwamba maji hukaa ndani ya vitundu vya mwamba, yakigusana na madini yake kwa karne na karne, angeuliza habari ya chumvi siku ile ile ya tangazo. Wachache waliuliza.

Najua nitakavyojibiwa na walimu wenzangu. Watasema mitambo hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya dola, na shule yetu haina hata mizani nzima. Watasema Afrika ndilo bara pekee linalokaliwa na watu ambalo halina sinkrotroni hata moja, na hilo ni kweli, nalo ni jambo la kutamausha; hata Mashariki ya Kati, pamoja na vita vyake, ilifungua yake nchini Jordan mwaka 2017. Lakini tusijidharau kupita kiasi. Afrika Kusini mitambo midogo ya kupiga picha mawe na visukuku kwa eksirei iko katika vyuo vikuu kama Stellenbosch na Witwatersrand. Na ile ya hospitali, ijapokuwa haioni vitundu vidogo, huonyesha nyufa na matabaka ya jiwe bila ya kulivunja.

Tena si lazima kila mwenye kutaka kusoma awe na mtambo. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kinaendesha hazina ya picha za mawe ambazo mtu yeyote aweza kuzichukua bila malipo, na Imperial College ya London imetoa zake pia. Programu ya ImageJ, iliyoundwa na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, ni ya bure na hufunguka katika kompyuta ya kawaida kabisa. Nimelijaribu zoezi hili na wanafunzi kumi na wawili na kompyuta moja, umeme ukikatika mara mbili. Kila mmoja alipewa kipande kile kile cha picha ya mchanga wa Berea aamue mpaka wa kijivu kwa macho yake. Hakuna wawili waliopata uvungu ulio sawa. Ugomvi uliozuka ndio ulionifurahisha, kwa sababu kila mmoja alilazimika kutetea mpaka wake kwa hoja, na msichana aliyekuwa kimya muhula mzima ndiye aliyegundua kwamba baadhi yao walihesabu udongo wa mfinyanzi kuwa utupu.

Kwa shule zisizokuwa na kompyuta, gololi na mchanga vinatosha kuanzia, pamoja na mtungi, jiwe la kusugulia nyayo na beseni la maji. Ningependa watunzi wa vitabu vya jiografia na sayansi waiondoe ile picha ya ziwa katika matoleo yajayo na mahali pake waweke punje za mchanga zilizokuzwa, mafuta yakiwa baina yake. Ningependa pia watunga mitihani waache kuuliza mafuta "yamelala" wapi na waulize kwa nini hayatoki yote. Na wale wanafunzi wetu wanaosomea jiolojia na fizikia vyuoni wangepewa mawe ya visima vya nchi hii wayachunguze hapa hapa, yakiwa bado na anwani ya Lokichar.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuufuta mchoro wangu. Wiki hii nimeagiza mtungi mpya kutoka kwa mama mmoja mfinyanzi, ambaye alinishangaa nilipomwomba anipe ule unaovuja.